Jinsi ya Kuandaa Taarifa ya Mwaka ya Ushirika wa Umeme Vijijini

Mwanachama wa ushirika wa umeme anapopokea taarifa ya mwaka, tayari anayo taarifa yake mwenyewe kichwani. Anakumbuka usiku ambao taa zilizimika akiwa na mgonjwa ndani, anakumbuka ankara iliyopanda ilhali hakuongeza matumizi, na anakumbuka nguzo iliyoinama kando ya njia ambayo aliahidiwa kwamba ingebadilishwa. Kazi ya mwandishi wa taarifa ni kumkuta hapo hapo alipo. Nimeshiriki kuandaa taarifa za aina hii kwa miaka kadhaa, na ninaamini kwa dhati kwamba taarifa nzuri ni ile inayomwezesha mwanachama kufuata mambo mawili bila kushikwa mkono: saa alizokaa gizani na fedha alizolipa.

Ana haki ya kufuata hayo kwa sababu nguzo na nyaya ni mali yake. Mwaka 1935, Rais Franklin Roosevelt alipounda wakala wa kusambaza umeme vijijini nchini Marekani, takriban kaya tisa kati ya kumi za wakulima hazikuwa na umeme, kwani kampuni binafsi ziliona kuwa nyumba zilizotawanyika haziwezi kurudisha gharama ya laini. Sheria ya mwaka 1936 iliwawezesha wakulima kuunda vyama vya ushirika, kukopa kwa riba nafuu na kujijengea laini zao. Hadi leo vyama hivyo vina wastani wa wateja 5 hivi kwa kila kilomita ya laini. Kwa hiyo takwimu ya kwanza ya kuweka kwenye taarifa yako ni idadi ya wanachama kwa kila kilomita, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini uniti moja ya kijijini inabeba gharama kubwa ya nguzo kuliko uniti ya mjini, na bila kuielewa hiyo mwanachama ataona kila bei kuwa ni dhuluma.

Maandalizi huanzia kwenye daftari la hitilafu

Taarifa ya mwaka haiandikwi mwezi wa mwisho. Huandikwa kila siku na fundi wa laini anapofungua daftari la hitilafu na kuandika mstari kama huu: "Saa 2:40 usiku, laini ya mtoni, wanachama 37, tawi limeangukia waya, fyuzi imebadilishwa, umeme umerudi saa 5:10." Mstari huo mmoja una kila kitu unachokihitaji, yaani muda wa saa mbili na nusu, idadi ya walioathirika, chanzo na hatua iliyochukuliwa. Ukizidisha wanachama 37 kwa saa 2.5 unapata saa 92.5 za giza, na ukijumlisha mistari yote ya mwaka unapata hesabu ambayo hakuna hotuba inayoweza kuifunika.

Makosa mawili huharibu daftari hili. La kwanza ni kuandika saa ambayo fundi alifika mahali pa hitilafu badala ya saa ambayo umeme ulikatika au angalau saa ambayo simu ya kwanza ya malalamiko ilipokelewa. La pili ni kufunga hesabu pale laini kuu inaporejeshwa, ilhali kuna nyumba kumi mwishoni mwa tawi ambazo fyuzi yao bado imekatika na zitalala gizani hadi asubuhi. Saa isimame pale mwanachama wa mwisho anapopata umeme. Kubalianeni na mafundi kuhusu hili mapema mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu daftari lililoandikwa vibaya miezi kumi na miwili haliwezi kurekebishwa kwa kukumbuka.

Kukatika kwa umeme

Sehemu hii itangulie sehemu ya fedha, na ndiyo inayostahili kurasa nyingi zaidi. Vipimo vikuu ni viwili: wastani wa saa ambazo kila mwanachama alikaa bila umeme, na wastani wa mara ambazo umeme ulimkatikia. Tuseme ushirika una wanachama 4,000 na mwaka mzima umepata hitilafu tatu tu. Ya kwanza iliwagusa wanachama 600 kwa saa 3, ya pili wanachama 2,000 kwa saa 1, na ya tatu wanachama 200 kwa saa 21. Jumla ni saa 8,000 za giza; ukigawanya kwa wanachama wote unapata wastani wa saa 2, na wastani wa mara 0.7 kwa kila mmoja.

Saa 2 kwa mwaka ni sifa kubwa, na kishawishi cha kuichapa kwa herufi kubwa kwenye jalada ni kikubwa vilevile. Lakini wale wanachama 200 walikaa saa 21, na kwao jalada hilo ni uongo. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba wastani usisimame peke yake kamwe. Weka jedwali la kila laini inayotoka kituo cha kupoza umeme, likionyesha idadi ya wanachama wake, saa walizokaa gizani, mara walizokatikiwa, na chanzo kikuu. Mwanachama atatafuta laini yake kwanza, kisha ya jirani, na hapo ataelewa kwa nini bodi inataka kutumia fedha za mwaka ujao kwenye laini moja na kuiacha nyingine isubiri. Jedwali la namna hiyo hufanya kazi ambayo hoja ndefu za mwenyekiti haziwezi kuifanya.

Tenganisha pia vyanzo. Umeme uliokatika kwa sababu ya msambazaji mkuu, yaani anayeuuzia ushirika umeme wa jumla, uandikwe kando na ule uliokatika kwa sababu ya laini za ushirika, ila hesabu zote mbili zijumlishwe mahali fulani, kwani aliyekaa gizani hakujali kosa lilikuwa la nani. Vivyo hivyo kwa dhoruba. Kiwango cha IEEE 1366, cha taasisi ya wahandisi wa umeme, kinachotumika sana Marekani, kinaruhusu siku za maafa makubwa kutengwa ili hali ya kawaida ya mtandao ionekane, na huo ni utaratibu mzuri mradi taarifa itoe hesabu zote mbili, yaani pamoja na dhoruba na bila dhoruba. Ushirika unaotoa hesabu moja tu, ile iliyo nzuri zaidi, hujinyima imani ya watu wake.

Baada ya takwimu, eleza kazi iliyofanyika kuzipunguza: kilomita za mkuza (ukanda wa ardhi chini ya laini) zilizofyekwa, vikinga radi vilivyofungwa, transfoma zilizobadilishwa, na nguzo. Kuhusu nguzo, usiandike tu kwamba 100 zimebadilishwa. Nguzo ya mbao iliyotiwa dawa inaweza kudumu miaka 40 hivi, na mara nyingi huanza kuoza pale inapoingia ardhini, mahali ambapo mpita njia haoni. Ikiwa ushirika una nguzo 10,000 na unabadilisha 100 kwa mwaka, utahitaji miaka 100 kuzimaliza zote. Andika ni ngapi zilikaguliwa, ngapi zilikutwa hazifai, na ngapi kati ya hizo bado zimesimama. Takwimu hiyo ya mwisho huwatia viongozi wasiwasi, nami ningeiandika kwa wino mzito.

Umeme ulionunuliwa na umeme uliouzwa

Hapa hesabu ni fupi. Kama ushirika ulinunua uniti 10,000,000, ukauza 9,100,000 na kutumia 20,000 katika ofisi na karakana zake, uniti 880,000 zimepotea, yaani asilimia 8.8. Sehemu ya upotevu huo ni ya kimaumbile: waya hupata joto umeme unapopita, na mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu ndani ya waya huo huongezeka mara nne, transfoma nayo hula umeme kidogo usiku na mchana hata kama hakuna aliyewasha taa. Vijijini, ambako transfoma ni nyingi na kila moja inahudumia nyumba chache, ulaji huo huonekana zaidi. Sehemu nyingine hutokana na mita zilizochoka, ankara zilizokosewa na wizi.

Mwandishi achunge tarehe. Mita kubwa ya kununulia inaposomwa siku ya mwisho ya mwezi, ilhali mita za wanachama zinasomwa katikati ya mwezi, upotevu utaonekana umepanda au umeshuka bila sababu ya kweli. Kwa hiyo tumia hesabu ya miezi 12 mfululizo, na uiweke pamoja na ya miaka minne iliyotangulia.

Fedha, na hasa ziada

Taarifa kamili za hesabu zilizokaguliwa ziwepo, pamoja na hati ya mkaguzi bila kupunguzwa neno. Ikiwa ni hati yenye shaka, sababu ya shaka hiyo ielezwe na bodi katika ukurasa huo huo. Hata hivyo, wanachama wengi hawatasoma mizania, na si haki kuwalaumu. Watayarishie ukurasa mmoja unaochukua kila 100 iliyolipwa kwenye ankara na kuonyesha ilikokwenda: ununuzi wa umeme, matengenezo, mishahara, riba ya mikopo, uchakavu, kodi, na kilichobaki. Katika ushirika unaonunua umeme wa jumla na kuusambaza, fungu kubwa kuliko yote kwa kawaida ni ununuzi wenyewe, na asiyeambiwa hivyo hudhani kwamba fedha yake imeishia kwenye magari ya ofisi.

Fungu hilo la ununuzi lina jambo ambalo wanachama hulielewa upesi wakielezwa. Mara nyingi ankara ya msambazaji mkuu ina sehemu mbili, uniti zilizochukuliwa na kilele cha mahitaji, yaani kiwango cha juu kabisa cha kilowati kilichofikiwa katika dakika 15 au 30 za mwezi mzima. Jioni moja ambayo pampu, pasi na majiko yamewashwa kwa pamoja inaweza kupandisha gharama ya mwezi mzima. Andika kilele kilitokea siku gani na saa ngapi. Wenye pampu na mashine za kusaga wakiiona saa hiyo, huwa tayari kuzungumza juu ya kusogeza kazi zao.

Kuhusu ziada, andika polepole na kwa maneno mepesi, kwa sababu hapa ndipo mikutano mingi huchafuka. Katika vyama vingi, ziada ya mwaka hugawanywa kwa kila mwanachama kulingana na umeme alionunua, lakini mgao huo huingizwa kwenye daftari kwa jina lake bila kulipwa papo hapo. Fedha yenyewe imekwisha kuwa nguzo na waya, na itarejeshwa baada ya miaka kadhaa pale hali ya ushirika itakaporuhusu. Mwanachama anayesoma "ziada yako" bila maelezo haya atakuja na mfuko mkutanoni, na akirudi mikono mitupu atakuwa na haki ya kukasirika. Taarifa itaje kiasi kilichoandikwa kwa wanachama mwaka huu, kiasi kilichorejeshwa taslimu, ni cha miaka ipi, na utaratibu wa familia ya mwanachama aliyefariki kudai sehemu yake.

Posho za wajumbe wa bodi zitajwe kwa jumla na kwa kila mjumbe, pamoja na zabuni yoyote iliyokwenda kwa mjumbe au ndugu yake. Hili halihitaji maelezo marefu.

Ajali zinahitaji staha zaidi. Kama mtu amepigwa na umeme, awe fundi au mtoto aliyeshika waya ulioanguka, taarifa iseme kilichotokea, chanzo chake na kilichobadilishwa ili kisitokee tena, lakini jina lake lisitajwe bila ridhaa ya familia. Ongeza onyo kwamba waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme, na kwamba watu wakae umbali wa angalau mita 10 hadi mafundi wafike.

Kupeleka taarifa kwa wanachama

Kanuni ya tano kati ya kanuni saba ambazo Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulizipitisha mwaka 1995 mjini Manchester ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Habari iliyogawiwa mlangoni asubuhi ya mkutano haitimizi kanuni hiyo. Taarifa iwafikie watu mapema pamoja na ajenda, ndani ya siku zilizowekwa na masharti ya chama, ili waisome na kujadiliana majumbani. Kabla ya kuichapa, mpe mwanachama asiye kiongozi aisome kwa sauti mbele yako. Kila mahali atakapokwama paandikwe upya, hata kama mhasibu anapapenda. Kwa wasiosoma, tayarisha muhtasari wa dakika kumi utakaosomwa mkutanoni, wenye takwimu zile zile za saa za giza, upotevu, ziada na deni.

Ukurasa wa kwanza kabisa, unaotangulia hata neno la mwenyekiti, uwe wa yatokanayo. Chukua kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita, nakili kila ahadi kama ilivyotamkwa, na mbele yake uandike kama imetimizwa, imetimizwa nusu au haijatimizwa, na kwa sababu gani. Wakati wa mkutano, katibu aandike kila swali ambalo halikujibiwa, jina la anayepaswa kulijibu na tarehe ya mwisho, kisha asome orodha hiyo kwa sauti kabla mwenyekiti hajafunga kikao, kwa kuwa ndiyo itakayokuwa ukurasa wa kwanza wa taarifa ijayo.