Msasa: angalia namba kwanza

Ukienda dukani usiseme tu "nipe msasa". Geuza karatasi usome namba nyuma: ndogo ndiyo kali, kubwa ndiyo laini. Meza ya mninga yenye alama za randa ianzie 80, kisha 120, 180, umalizie 220. Usiruke kutoka 80 hadi 220 ukidhani unaokoa hela. 220 haifuti mikwaruzo ya 80, inaing'arisha tu, na ukishapaka rangi ya mbao yote inajitokeza, hasa ile iliyokatiza nyuzi, yaani mistari ya asili ya mbao. Kwa hiyo piga kwa kufuata nyuzi, na ufute vumbi kila unapobadili namba. Zile ncha zilizokatwa msumeno hunywa rangi kuliko uso, zipige laini zaidi ya sehemu nyingine.

Kati ya koti za vanishi tumia 320 kwa mkono mwepesi. Mng'ao ukififia, inatosha. Msasa mweusi wa maji usiuloweshe kwenye mbao tupu, maji huinua nyuzi na kazi inaanza upya. Huo ni wa bodi ya gari, au vanishi iliyokauka kabisa.

Halafu vaa barakoa. Vumbi la mninga na mvule linawasha pua na macho vibaya.