Ukienda Delft kusomea uhandisi wa pwani, nenda na pwani yako
Umepata nafasi ya uzamili wa uhandisi wa pwani pale Delft, Uholanzi, iwe TU Delft (chuo kikuu cha teknolojia) au IHE (taasisi ya elimu ya maji)? Usisubiri kufika ndipo ukutane na SWAN. Ni programu ya kukokotoa mawimbi, ilitengenezwa hapohapo TU Delft, na inapatikana bure. Ipakue sasa, uhangaike nayo ukiwa nyumbani. Kitabu chao cha mienendo ya pwani nacho kiko bure mtandaoni. Sura za mawimbi na za jinsi maji yanavyosomba mchanga ndizo za kuanzia.

Ila kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mada ya tasnifu. Mifano mingi kule ni ya fukwe za mchanga za Bahari ya Kaskazini. Kwetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka karibu mita 4 pale Zanzibar, na miamba ya matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Maji yakijaa, mawimbi makubwa zaidi huvuka mwamba. Yakipwa, mengi huishia hukohuko nje. Hilo peke yake linatosha utafiti mzima.

Vipimo vya usawa wa bahari vya Mombasa na Zanzibar, saa kwa saa, hutolewa bure na kituo cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Kinachosumbua ni ramani za kina cha bahari karibu na ufukwe. Hizo ziombe kwa barua kwa wanaozitunza, uifuatilie mwenyewe ofisini kwao kabla hujapanda ndege.