Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua machimbo ya kokoto na dhahabu ya mtoni

PML (leseni ya uchimbaji mdogo ya Tanzania) mkononi haikuruhusu kuingiza ekskaveta kesho asubuhi. Machimbo ya kokoto zinazooshwa kutafuta dhahabu hukaa karibu na maji, na makosa mengi yanayoyafungisha yanahusu maji. Kwa hiyo haya yamalize kabla hujanunua hata pampu.

Pima kwanza umbali wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi huisoma baada ya kuweka bikoni za mipaka. Kitalu cha hekta 5, mita 500 kwa 100, kikilazwa sambamba na mto hadi ukingoni hupoteza hekta 3. Kikigeuzwa upande wake mfupi utazame mto, hupoteza hekta 0.6 tu, kwa eneo lilelile. Lenga kokoto za mto wa kale zilizobaki nje ya hizo mita 60, na uache sakafu ya mto wa sasa. Ukichimba shimo mtoni, maji hukata sakafu kuelekea juu hadi yafike kwenye nguzo za daraja, kama ilivyotokea kwenye mito ya Dar es Salaam inayochimbwa mchanga. Na korongo kavu ni mto. Kule Lupa, Chunya, ambako kokoto za mito zimeoshwa tangu miaka ya 1920, korongo unalolivuka kwa miguu Septemba linaweza kukuzuia Januari.

Ridhaa zote ziwe za maandishi. Sheria ya Madini, kifungu cha 95, inadai ridhaa ya mmiliki halali ukiwa ndani ya mita 200 za nyumba au mita 50 za shamba lililolimwa. Chukua na muhtasari wa kikao cha kijiji, wenye sahihi na mhuri. Eneo likigusa msitu wa hifadhi, nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kama leseni yako ni ya kokoto, usioshe dhahabu iliyomo kabla ya kumwona Afisa Madini Mkazi.

Mwenye PML huandaa mpango wa utunzaji wa mazingira kabla ya kuanza kazi. Leseni ya uchimbaji wa kati inadai cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Usinakili mpango wa jirani. Piga picha za eneo likiwa halijaguswa, chukua sampuli za maji juu na chini ya kitalu, zipeleke maabara na utunze majibu. Siku ukishtakiwa kuchafua mto ambao tayari ulikuwa na tope, hiyo ndiyo kinga yako.

Maji yana vibali viwili kutoka Bodi ya Maji ya Bonde: cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka. Cha kwanza hakibebi cha pili.

Sasa bwawa la tope, la kutulizia maji ya kuoshea. Hapa ndipo kazi za watu huharibika, kwa hiyo soma taratibu. Pampu ya inchi 3 ikitoa lita 1,000 kwa dakika, chembe ya tope ya milimita 0.01 inahitaji bwawa lenye uso wa karibu mita za mraba 185 ili iwahi kutua, na hiyo ni kama maji yangetulia kabisa. Hayatulii. Zidisha kwa mbili: mita 20 kwa 20. Weka kishimo cha kunasa mchanga kabla yake na bwawa la pili baada yake, na zoa tope likifika nusu ya kina. Mfinyanzi mwembamba hushuka sentimita chache tu kwa siku, hivyo hakuna bwawa la kawaida litakalousubiri. Jaza chupa angavu maji yaliyotoka kwenye zulia la kunasia dhahabu, iache saa nzima. Juu kukibaki kama maziwa, usiyarudishe mtoni. Yazungushe kwenye mwalo wako (sehemu ya kuoshea) tena na tena.

Tuta nalo hufa kwa namna ileile kila mwaka. Limejengwa kiangazi kwa vifusi vya kokoto, halikushindiliwa, na bomba la kutolea maji limepitishwa katikati yake. Maji hupata njia pembezoni mwa bomba, yanabeba chembe moja moja, na kwa wiki kadhaa anayeona ni mlinzi tu, naye anaona unyevu. Kisha inanyesha milimita 50 usiku mmoja. Mteremko wa hekta 4 ulio juu yako umepokea mita za ujazo 2,000. Nusu yake tu ikiingia kwenye bwawa la mita 20 kwa 20, kina kinapanda mita 2.5. Tuta linakatika, na msimu mzima wa tope unaishia kwenye kisima cha kijiji. Kinga zipo, na ni za bei nafuu kuliko fidia: chimba mtaro wa kuchepusha maji ya mvua juu ya machimbo, jenga tuta kwa udongo wenye mfinyanzi, tabaka za sentimita 20, kila moja ikishindiliwa, acha nusu mita kati ya maji na kichwa cha tuta, weka utoro wa maji (njia ya kutolea maji ya ziada) mpana, uliopangwa mawe, kwenye ardhi ya asili pembeni ya tuta. Yote yakamilike kabla ya Novemba.

Zebaki: usichome wazi, usichome karibu na makazi, tumia ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake. Marudio (mabaki ya uoshaji) yenye zebaki yasipelekwe kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kabla zebaki haijaondolewa.

Udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30, uweke kando, lundo lisizidi mita 2, kwa sababu ndio utakaorudishia shimo. Dizeli ikae kwenye sakafu ya saruji yenye ukingo. Mashimo yenye maji yawekewe uzio, watoto huogelea humo. Funza zamu ya usiku namna ya kuzima pampu. Na maji ya mto yakibadilika rangi chini yako, zima kwanza, kisha wapigie ofisi ya bonde kabla kijiji hakijapiga.