SOMO: Jinsi ya kuiona galaksi ya M83 kwa darubini

Wakuu, Juni masika yameshapita, na kuanzia saa mbili usiku M83 iko juu upande wa kusini. Tanzania na Kenya tumependelewa. Aliyeko London huiona karibu na upeo wa macho, akibahatika.

Galaksi hii imetugeuzia uso wote, ndiyo maana mikono yake (mikanda ya nyota inayozunguka kiini) hupendeza kwenye picha. Tatizo ni hapohapo: mwanga umetandazwa eneo pana, haukubanwa kama kwenye galaksi inayoonekana kwa ubavu. Ung'avu wa 7.5 (kipimo cha mwanga wake wote ukijumlishwa) usikudanganye.

1. Toka mjini, usiku usio na mwezi. Hili halina mbadala. Darubini ndogo kijijini huishinda kubwa iliyoko Kariakoo.

2. Zima simu, kaa gizani nusu saa. Taa iwe nyekundu, hafifu.

3. Tafuta nyota Spica, karibu na nyota nne za kundinyota la Kunguru. Nyosha mkono, kunja ngumi. Shuka kusini ngumi moja na kidogo, utakuta nyota Gamma Hydrae. Endelea robo tatu ya ngumi, ukiegemea mashariki kidogo.

4. Anza na lenzi ya macho ya milimita 25. Kwenye darubini yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, hukuza mara 48. Utaona ukungu wa mviringo wenye kitone katikati.

5. Sasa usiukodolee! Katikati ya jicho hakuna seli za kuonea gizani. Ukitumia jicho la kulia, tazama kulia kidogo kwa galaksi. Gonga bomba la darubini taratibu litikisike, maana jicho hukamata kinachosogea. Kwanza utaona mhimili (mstari wa mwanga) uliopita kwenye kiini, kisha ukungu utaanza kuwa na mapengo meusi. Fuata pengo, kando yake ndipo mkono ulipo. Ukishaupata, jaribu lenzi ya milimita 12.

MASWALI

Mkuu, yangu ni ya milimita 70. Nitaona mikono?
Hapana. Utaona kiini na ukungu, basi.

Mbona ya kijivu tu?
Gizani seli za rangi hazifanyi kazi. Kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu, jicho haliwezi.

Nimeona nyota juu yake. Ni supanova (nyota inayolipuka)?
Huenda ni nyota ya galaksi yetu, iliyo mbele tu. Ila M83 ilionyesha supanova sita kati ya 1923 na 1983, kwa hiyo linganisha na picha ya zamani. Kama haimo, tuwekee mchoro hapa haraka.