Ukialikwa kuzungumzia kitabu chako cha sayansi

Mwandishi wa sayansi akipewa jukwaa hutamani kukisimulia kitabu chote kwa saa moja. Nilifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu niliona watu wakichungulia simu. Siku hizi nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja. Mada haitoshi. "Mwezi" ni mada, "Mwezi uko mbali kiasi gani?" ni swali, na mtu anaweza kukaa akingoja jibu lake. Liandike kwenye karatasi ulibandike mbele yako unapoandaa. Kisichosaidia kulijibu kiache kitabuni.

Hatua ya 2: Tafuta kitu cha kushika mkononi. Hapa ndipo muda wangu mwingi unapokwenda. Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza, alipowahutubia vijana kwenye Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwishoni mwa 1860, mshumaa ulimtosha kwa mihadhara sita. Kutoka kwenye ule moto alifika kwenye hewa, maji, hata pumzi zetu.

Mimi hubeba mpira wa kikapu na mpira wa tenisi. Wa kikapu ni Dunia, wa tenisi ni Mwezi. Ukubwa wao unakaribiana sana na uwiano halisi. Namwita mtu mmoja ashike Mwezi, asimame pale anapodhani panafaa. Karibu kila mara husimama hatua moja au mbili kutoka kwangu. Nawauliza wengine: asogee? Wanabishana. Ndipo ninapotoa kamba niliyoipima nyumbani. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400, yaani kama Dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja. Kwa mpira wenye kipenyo cha sentimita 24, hiyo ni zaidi kidogo ya mita saba. Yule mtu anarudi nyuma, anarudi tena, na ukumbi unaanza kuguna.

Usitoe jibu kabla hawajakisia. Asiyekisia hana cha kushangaa. Na kabla ya siku yenyewe, weka kitu chako jukwaani ukakitazame kutoka safu ya mwisho. Kama hukioni, tafuta kikubwa zaidi.

Hatua ya 3: Punguza namba. Mwanafizikia Stephen Hawking alieleza kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka kwenye kitabu chake cha 1988 ungepunguza mauzo kwa nusu. Akabakiza mmoja, ule maarufu wa Einstein, E=mc². Jukwaani masharti ni makali zaidi: msomaji aliyepotea hurudi ukurasa mmoja nyuma, msikilizaji hana pa kurudi. Namba tatu kwa jioni nzima zinatosha.

Hatua ya 4: Jizoeze kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Kusoma kimoyomoyo hakuhesabiki. Ukipewa dakika 60, andaa za 40.

Hatua ya 5: Wahi ukumbini. Jaribu kipaza sauti, jaribu projekta. Kuna mahali projekta iligoma kabisa, nikabaki na mipira yangu miwili na kamba. Sijui kama niliwahi kuzungumza vizuri kuliko siku ile, na tangu hapo slaidi zangu hazizidi kumi.

Hatua ya 6: Maswali. Lirudie kila swali kwenye kipaza sauti, maana waliokaa nyuma hawajalisikia. Kimya cha mwanzo kisikutishe. Hesabu hadi kumi, mkono utanyooka. Hukosi pia mtu wa kusimama na kutoa hotuba yake mwenyewe. Msubiri avute pumzi, kisha umuulize kwa upole, "Na swali lako ni lipi?" Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, halafu eleza jibu lake lingetafutwaje. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanaponoga.

Baadaye, kwenye meza ya kusaini vitabu, uwe na kalamu mbili, na umuulize kila mtu jina lake linavyoandikwa, hata likiwa jina unalolijua tangu utotoni.