Kutumia kazi za wengine katika dokumentari: mwongozo kwa watayarishaji wa Lindi na Mtwara

Mtayarishaji wa Lindi anayeandaa dokumentari kuhusu Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, hatakwepa kutumia picha, maandishi na video za watu wengine.

Aanze kwa kujua sheria inayomhusu. Wengi hutaja kanuni ya Marekani ya matumizi ya haki (fair use), ambayo hupima madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la mwenye kazi, lakini kanuni hiyo haitumiki hapa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayoruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, ilimradi nukuu isizidi mahitaji ya madhumuni yake na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe.

Unapohariri, jiulize kama msimulizi anakizungumzia chenyewe kile kipande cha kazi ya mwingine ulichokiweka. Akikichambua, kukikosoa au kukitumia kuthibitisha hoja, kikate kiishie pale hoja inapoishia. Kikiwa kinaziba pengo tu, omba kibali. Muziki wa kupamba picha za bandari ya Mikindani uko katika kundi hili, hata ukitumia sekunde chache; imani kwamba sekunde kadhaa ni bure haina msingi wowote. Ukimhoji mtu sokoni Mtwara, mwombe mwenye duka azime redio, maana ni rahisi kuliko kumtafuta mwenye wimbo baadaye. Kinyago cha Kimakonde kinachoonekana kwa mbali nyuma ya msemaji hakina tatizo, ila kikiwa ndicho kiini cha sehemu hiyo, zungumza na mchongaji.

Ukongwe wa kazi nao una hesabu yake. Werner Janensch, aliyeongoza uchimbaji wa Tendaguru, alifariki mwaka 1969. Kwa kuwa hapa haki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, maandishi yake yako huru tangu mwisho wa 2019. Ujerumani, ambako ni miaka 70, yatalindwa hadi mwisho wa 2039. Filamu itakayoonyeshwa huko ihesabiwe kwa sheria ya huko.

Andika kwenye daftari chanzo, urefu na sababu ya kila kipande siku unapokiweka. Mfumo wa YouTube hutambua kufanana kwa sauti na picha, hautambui nukuu, na filamu yako ikizuiwa, pingamizi utakaloandika litategemea kumbukumbu hizo.