Jinsi ya kusoma matangazo madogo madogo ya magazeti ya miaka ya 1930 (miji midogo ya Marekani), hatua kwa hatua

Wengi wakisikia ule mdororo mkuu wa uchumi Marekani wanawaza Wall Street tu, Oktoba 1929, hisa zinaporomoka, foleni za mikate kwenye miji mikubwa. Sawa, lakini mi nataka twende kwenye mji wa watu elfu mbili hivi, Iowa au Nebraska, barabara moja ya maduka, stesheni ya treni, benki moja au mbili, na gazeti linalotoka mara moja kwa wiki, mara nyingi Alhamisi. Huko ndo unaona watu walivyokuwa wanaishi, na pa kuwaona sio ukurasa wa mbele, ni kwenye yale matangazo ya mistari miwili mitatu, nauza ng'ombe wa maziwa, natafuta kibarua, nani kaokota glavu yangu. Naishi Iowa mwaka wa tisa sasa, Jumamosi najitolea maktaba kupanga magazeti ya zamani, na hii ndo njia ninayoitumia. Kama we ni mwanafunzi, unaandika hadithi, au unapenda tu historia ya biashara, fuata hivi hivi.

Hatua ya 1: Chagua gazeti moja, ukae nalo

Ingia Chronicling America, ile hazina ya magazeti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni bure na hamna kujisajili. Chagua jimbo, weka mwaka 1930 mpaka 1936, tafuta gazeti la wiki la mji mdogo lenye matoleo mengi mfululizo. Usiruke ruke magazeti kumi, utaona bei nyingi lakini hutomjua mtu hata mmoja. Ukikaa na gazeti moja miezi sita unaanza kumjua muuza makaa ya mawe, unajua nani ana mahindi, nani kila mwezi anarudisha tangazo lile lile la chumba cha kupanga.

Kitu kingine, usitegemee sana kile kisanduku cha kutafuta maneno. Kompyuta ndo ilizigeuza picha za kurasa kuwa maandishi, na herufi ndogo za matangazo ndo inazozikosea zaidi, "hay" inakuwa "bay", namba 3 inakuwa 8. Fungua picha yenyewe, kuza, soma kwa macho.

Hatua ya 2: Weka kalenda pembeni

Tangazo bila tarehe halikwambii kitu. Mi nina karatasi ukutani yenye tarehe chache ambazo zinabadilisha kurasa za matangazo, na nakushauri uanze na hizi:

6 Julai 1932, stempu ya barua inapanda kutoka senti 2 kwenda senti 3. Kwa mtu anayetafuta kazi kwa barua hiyo sio hela ndogo.

6 Machi 1933, rais mpya Roosevelt ana siku mbili tu ofisini, anafunga benki zote nchi nzima, zinaanza kufunguliwa tena tarehe 13. Na kumbuka kati ya 1930 na 1933 benki kama 9,000 zilikufa, na bima ya akiba za watu ilianza tarehe 1 Januari 1934, kabla ya hapo benki ya mji ikifa hela yako imekwenda nayo, labda urudishiwe kidogo kidogo baada ya miaka.

7 Aprili 1933, bia nyepesi inaruhusiwa tena kwenye majimbo yaliyokubali, na marufuku ya pombe yenyewe inafutwa 5 Desemba mwaka huo huo. Kuanzia kiangazi 1933 utaona kwenye matangazo ya maduka kuna picha ya tai wa bluu, manake duka limekubali masharti ya serikali ya mishahara na saa za kazi. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kuuvunja huo mpango Mei 1935, kwa hiyo ukikuta ukurasa umechanika na tarehe haipo, yule tai anakusaidia kukisia mwaka.

Alafu kuna 1 Machi ya kila mwaka. Hii vitabu vingi vinaipita tu, lakini kwenye majimbo ya mahindi hiyo ndo ilikuwa siku ya wapangaji wa mashamba kuhama, mikataba inaisha, familia zinabeba kila kitu kwenye matope na baridi. Ndo maana Januari na Februari gazeti linajaa minada ya mashamba.

Hatua ya 3: Jifunze maneno yao

Kiingereza cha kwenye matangazo sio kile cha shuleni. "Wanted" anaweza kuwa anataka kununua au anataka kazi, soma mpaka mwisho. "Team" sio timu ya mpira, ni farasi au nyumbu wawili wanaovuta pamoja. "Dry goods" sio nafaka, ni vitambaa na nguo. "Shoats" ni nguruwe wadogo walioshaachishwa kunyonya. Nyumba ikiitwa "modern" usiwaze muundo wake, manake ina maji ya bomba ndani, choo cha ndani na umeme, na kukiwa na "partly" mbele yake jua kimojawapo hakipo. Simu ni namba fupi kama 42, na mashambani familia kadhaa zilikuwa zinatumia waya mmoja kwa hiyo jirani anaweza kusikiliza dili lako lote. Ukiona "Col." mbele ya jina kwenye tangazo la mnada, huyo sio kanali wa jeshi, ni dalali wa mnada, ilikuwa desturi kuwaita hivyo.

Hatua ya 4: Bei usiigeuze kuwa dola za leo, igeuze kuwa mayai

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanaona mkate senti 7 wanasema eh, maisha yalikuwa rahisi! Au wanazidisha mara 24 hivi kupata dola za leo (dola ya 1933 kwa mfumuko wa bei iko hapo hapo) wanaridhika. Haitoshi. Swali ni huyo mtu alikuwa anaipata vipi hiyo senti.

Mwaka 1932 mkulima alikuwa anauza mayai kwa wastani wa senti 14 dazani. Na mayai na siagi vilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba, ndo hela yake ya sukari, kahawa, viatu vya watoto. Kwa hiyo chukua kila bei uipime kwa mayai. Mkate mmoja ni mayai sita. Stempu ya barua ni mayai mawili na nusu. Redio ya mtumba ya dola 7, ukipiga hesabu, ni dazani 50, yaani mayai 600. Sasa tangazo linaanza kuongea, unaona kabisa kwa nini redio ile ile inatangazwa wiki tano na haipati mtu.

Kwa wanaume tumia siku za kibarua, shambani ilikuwa kama dola moja kwa siku, tena akipata siku yenyewe. Kwa mwenye shamba tumia busheli ya ngano, ambayo ni kama kilo 27. Mwaka 1929 ilikuwa dola 1.03, mwaka 1932 senti 38. Mtu alikopa kununua trekta wakati ngano iko dola moja na deni likabaki pale pale, hapo utaelewa kwa nini matangazo ya kuuza yanaongezeka kila msimu. Mahindi yalishuka mpaka kuna sehemu watu waliyachoma kwenye jiko majira ya baridi, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi.

Na angalia kitu hiki kwa makini: maduka mengi yalikuwa yanatangaza bei mbili za kununua mayai, moja ya hela taslimu na nyingine ya juu kidogo, labda senti moja zaidi, kama utachukua bidhaa pale pale dukani. Ni akili ya muuza duka yeyote anayeuza mali kauli, hela taslimu hana, lakini sukari na vitambaa anavyo kwenye shelfu, na mama akichukua bidhaa hela haitoki mlangoni na wiki ijayo atarudi. Andika bei zote mbili kila wiki. Tofauti ikiongezeka, jua hela imezidi kuwa adimu pale mjini.

Hatua ya 5: Tafuta wanaotaka kubadilishana

Tafuta "will trade" na "exchange". Nakutungia mfano ujue sura yake: natoa jiko la makaa, limetumika misimu miwili, nataka nguruwe jike au kuni. Tengeneza Excel yenye safu mbili kubwa, anatoa nini na anataka nini. Ukifikisha matangazo hamsini hivi picha inajitokeza yenyewe, unaona mji una nini kwa wingi na unakosa nini.

Maana shida kubwa ya miji hii haikuwa kwamba vitu havipo. Mahindi yapo, ng'ombe wapo, mikono ya kufanya kazi ipo. Kilichopotea ni hela ya kupitisha vitu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mfano mzuri ni Tenino, jimbo la Washington. Desemba 1931 benki ya mji ilifungwa, watu wakabaki na akiba kwenye makaratasi tu, wafanyabiashara wakakubaliana kutoa vocha zao wenyewe, na mitambo ya gazeti la mji ndo ikazichapa, baadaye hata kwenye vipande vyembamba vya mbao. Pesa ya mbao! Na ilinunua vitu madukani. Wahariri wa sehemu nyingi pia walikuwa wanapokea kuku, kuni au mahindi badala ya ada ya gazeti, kwa hiyo soma na tangazo la gazeti lenyewe, linakwambia mengi.

Hatua ya 6: Fuata tangazo moja mpaka mwisho wake

Kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii. Chagua tangazo la mtu mmoja, rudi nalo wiki baada ya wiki, andika kila kinachobadilika. Wiki ya kwanza anauza jozi ya farasi kwa hela taslimu, wiki ya nne bei imeshuka, wiki ya sita ameongeza kwamba atapokea mahindi, wiki ya nane farasi ni mmoja. Hamna aliyemhoji huyo mtu wala hakuandika kumbukumbu zake, lakini miezi yake miwili umeiona.

Nikupe tahadhari kutoka kwangu. Kuna fundi viatu nilimfuata, tangazo likapotea, nikaandika kwenye maelezo yetu kwamba alifunga biashara. Nilikosea. Nilipoendelea kusoma nikamkuta miezi minne mbele na anwani nyingine, ameacha fremu ya barabarani anashonea nyumbani kwake. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimemzika mtu kwenye maandishi na yeye bado alikuwa anahangaika kwa bidii. Tangazo likipotea andika limepotea, basi, mpaka upate ushahidi mwingine.

Hatua ya 7: Minada na matangazo ya sherifu

Haya ni marefu na yameandikwa kwa lugha ya mahakama, watu wanayakimbia. Usikimbie. Tangazo la mnada wa hiari linaorodhesha kila kitu cha familia, farasi na umri wao, jembe, vitanda, mitungi ya kuhifadhia matunda, na mwisho linasema akina mama wa kanisa watauza chakula cha mchana. La sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) ni jingine, shamba linauzwa kwa deni la rehani, saa fulani, mlango wa mahakama.

Ukishalipata usiishie hapo, fungua toleo la wiki inayofuata uone kilichotokea, kwa sababu kuna minada ambayo majirani walijazana, wakataja senti chache kwa kila kitu, mgeni akitaka kupandisha bei anaangaliwa vibaya, alafu wakamrudishia mwenyewe mali yake. Hali ilikuwa kali. Februari 1933 Iowa ikapitisha sheria ya kusimamisha kwa muda unyang'anyaji wa mashamba, na bado Aprili mwaka huo, mjini Le Mars, wakulima walimtoa jaji Bradley mahakamani kwa nguvu wakamtishia kumnyonga kwa sababu hakukubali kuapa kwamba hatosaini tena hati za kuwanyang'anya watu mashamba.

Hatua ya 8: Soma na wanaofungiwa mlango

Nafasi za kazi zilitenganishwa za wanaume na za wanawake. Nyingine zinataja rangi au dini waziwazi. Mwanamke aliyeolewa, hasa mwalimu, sehemu nyingi alikuwa hapewi kazi kabisa, wanasema ana mume wa kumlisha, hata kama huyo mume ana mwaka hana kibarua. Usiyaruke haya kwa sababu yanakera, yaweke kwenye Excel na safu yake. Na zile za fanya kazi nyumbani, tuma dola moja upate maelezo, zipo tele. Ziwekee alama, wengi wa waliozitangaza walikuwa wanawinda dola ya mwisho ya mtu.

Hatua ya 9: Hakikisha

Sensa ya 1930 na ya 1940 ziko wazi, majina kabisa. Ya 1930 iliuliza hata kama nyumba ina redio, ya 1940 iliuliza mshahara wa 1939. Ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, zinaonyesha jengo kwa jengo, S ni duka na D ni nyumba ya kuishi. Ukitaka kuchapisha kazi yako ficha majina ya familia, wajukuu wao bado wapo pale pale mjini.

Pa kuanzia nakuchagulia: toleo la Alhamisi tarehe 9 Machi 1933, benki zote nchini zimefungwa siku ya nne. Chapisha ukurasa wa mwisho, shika kalamu, na kwenye kila tangazo andika pembeni huyu atalipwa na nini.